Maji Ndani ya Upepo: Mazungumzo na Madereva na Mafundi wa Malori, Makambako

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu madereva, mafundi, mautingo, na nyie matajiri wa magari mliokubali kuzima simu kwa saa moja, habari za asubuhi.

Nimeitwa kuzungumzia breki za malori. Breki ni somo refu, na najua wengine mna mzigo wa kufika Tunduma kabla ya giza. Kwa hiyo nimeomba nizungumzie kifaa kimoja tu: draya, inayoukausha upepo wa breki. Ni lile kopo lililofungwa pembeni mwa chasi, linalotema "pshhh" geji za upepo zikifika juu. Humu ndani kuna watu wameendesha kichwa na tela miaka na miaka, na hawajawahi kuligusa. Siwalaumu. Upepo unajaa, breki zinashika, gari linakwenda. Nani ahangaike na kopo?

Hoja yangu naisema mapema ili hata atakayesinzia awe ameipata. Mitungi ya upepo ikikutwa na maji, mara nyingi draya yenyewe imeonewa. Kuna kompresa, ile pampu ya kujaza upepo, inayoimwagia oili, au kuna mahali upepo unavuja na kuinyima nafasi ya kujikausha. Sisi tunanunua filta mpya ya draya, tunafunga, tunalipwa, na baada ya miezi michache gari linarudi gereji na maji yale yale.

Lakini maji yanatoka wapi, na hakuna aliyeyamimina? Yanatoka hewani. Aliyepakia mzigo bandarini Dar es Salaam mwezi wa Machi anaijua hewa ya pale: shati limeshagandia mgongoni kabla hujamaliza kufunga turubai. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba karibu gramu 24 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Huyaoni, kwa sababu ni mvuke. Kompresa inaivuta hewa hiyo na kuibana mpaka geji isome bar 8, yaani bar 8 juu ya bar 1 ya hewa ya kawaida, jumla 9, na ile mita moja ya ujazo inabaki sehemu moja ya tisa. Hapa ndipo pa kusikiliza vizuri. Mvuke ambao hewa inaweza kuushika hutegemea nafasi iliyopo na joto lake; ukiibana hewa huiongezei uwezo huo hata kidogo. Nafasi imepungua mara tisa, hewa imepoa na kurudi nyuzi 30, basi mvuke unaoweza kubaki humo ni gramu 3 na kitu. Gramu 20 zilizosalia hazina pa kukaa, lazima ziwe maji. Hizo zinazidi kijiko cha mezani, na kompresa ya lori lililo barabarani inavuta mita moja ya ujazo kwa dakika chache tu. Toa muda wote ambao kompresa inapumzika, halafu piga hesabu mwenyewe ya safari ya kutoka Dar hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900.

Kinachowachanganya mafundi wengi ni kwamba maji hayo hayatokei kwenye kompresa. Hewa inayotoka pale ina joto kali, inaweza kuzidi nyuzi 150, na katika joto hilo mvuke unabaki kuwa mvuke. Ndiyo sababu bomba la kwenda kwenye draya ni refu, na sehemu yake kubwa ni chuma au shaba: limewekwa lipoze hewa njiani. Draya nyingi zinataka hewa iingie ikiwa chini ya nyuzi 65 au 70 hivi. Niliwahi kuletewa gari ambalo bomba lake lilipasuka safarini, likakatwa na kuungwa fupi kwa mpira. Upepo ulikuwa unajaa haraka kuliko zamani na dereva alifurahi. Ila hewa ilikuwa inaingia kwenye draya ingali ya moto, inapita na mvuke wake, na kwenda kupoa ndani ya mitungi. Maji yakawa yanatokea mbele ya draya, mahali ambapo draya haiwezi tena kusaidia. Bomba hilo pia linatakiwa literemke moja kwa moja. Likipindishwa likashuka kisha likapanda, pale kwenye bonde maji na masizi ya oili hukusanyika, na siku moja linaziba.

Hewa ikishaingia kwenye draya inageuzwa kwa ghafla. Matone ya maji na oili yaliyokwisha kujitenga yanaanguka chini na kukaa juu ya ile vali ya kutemea. Hewa iliyobaki, ambayo kwa macho ni safi lakini bado ina mvuke, inapitishwa katikati ya punje zilizojaa kwenye filta. Kutoka hapo inavuka vali ya njia moja na kwenda kwenye mitungi.

Sasa tuzione hizo punje. Hapa mezani nina filta mbili nilizozikata kwa msumeno. Hii ya kwanza ni mpya. Punje zake ni za rangi ya maziwa iliyofifia, ngumu, za milimita moja hadi tatu hivi. Naomba utingo mmoja aje mbele. Wewe kijana wa koti la bluu, njoo. Nyosha kiganja. Nakuwekea punje chache, na sasa nadondosha maji, matone mawili tu. Funga mkono. Haya, waambie wenzako.

(Kijana anakung'uta mkono na kusema, "Zinachoma, mzee!" Ukumbi unacheka.)

Mmesikia. Hakuna moto hapa, wala sijapaka dawa. Punje hizi zina vitundu visivyohesabika ambavyo jicho haliwezi kuviona, vya upana wa nanomita 0.3 au 0.4 hivi, na molekuli ya maji ina kama nanomita 0.28. Inaingia, inanaswa, na inaponaswa joto linatoka. Mwaka 1756 Msweden mmoja, Axel Cronstedt, alilipasha moto jiwe la jamii hii akaona linatoa mvuke mwingi wa maji yaliyokuwa ndani yake. Za kwetu zinatengenezwa kiwandani lakini tabia ni hiyo hiyo. Punje inashika maji, na ikipata joto au hewa kavu ya kutosha inayaachia. Ndiyo maana filta inaweza kudumu mwaka na zaidi badala ya siku moja.

Rudi kijana, usikimbie, hizi za pili hazichomi. Filta hii imetoka kwenye gari linalopita njia hii hii ya kwetu. Tazameni rangi: kahawia, na kule chini ni nyeusi inayonata vidoleni. Nadondosha maji. Unasikia nini?

("Hakuna kitu," anajibu.)

Hakuna kitu. Maji yanateleza juu ya punje na kuanguka sakafuni. Vile vitundu bado vimo, tena vingi ni vizima. Molekuli ya oili ni kubwa, haiwezi kuingia, lakini inatanda juu ya punje na kuifunika. Ukimfungia mtu draya mpya juu ya kompresa iliyokwisha ringi za pistoni, umempa punje hizi za kwanza leo, na baada ya muda mfupi zitakuwa hizi za pili. Pesa ya tajiri imekwenda.

Tuje kwenye ile "pshhh", kwa sababu ndiyo roho ya mazungumzo yangu. Punje zikilishwa hewa yenye mvuke bila kupumzishwa zinashiba, na zikishashiba hewa inapita na maji yake bila kuzuiwa. Kwa hiyo draya ina zamu mbili. Zamu ya kwanza kompresa inajaza. Mgandamizo ukifika kikomo cha juu, gavana, ile vali inayosimamia mgandamizo, inaipumzisha kompresa na wakati huo huo inafungua ile vali ya chini ya draya. Mlio wa kwanza, ule mkali unaokushtua ukiwa unapita karibu na gari, ni maji na oili zinazotupwa nje. Wengi wanadhani kazi imeishia hapo. Tegeni sikio: baada ya ule mkali kuna mwingine mdogo, mwembamba, unaoendelea kwa sekunde kadhaa, pengine hadi nusu dakika. Hiyo ni hewa kavu inayorudi kinyumenyume kutoka kwenye mtungi mdogo uliowekwa kwa kazi hiyo tu. Kwenye malori mengi yanayotoka Ulaya mtungi huo ni wa lita 4 hadi 6. Magari mengine hayana mtungi wa pembeni, yanachota kwenye hewa iliyokwisha kukaushwa. Inapita kwenye tundu dogo, inatanuka mara nane au tisa, na hewa kavu ikitanuka hivyo inakuwa na kiu kubwa sana ya maji. Inashuka katikati ya punje, inazinyang'anya mvuke zilioushika, na kuutoa nje kupitia vali ile ile iliyo wazi.

Maana yake ni kwamba draya inajikausha wakati kompresa imepumzika. Kompresa isipopumzika, draya haikauki. Fikiria sasa gari ambalo mpira wa upepo wa tela unavuja, raba ya busta moja (chemba ya upepo inayosukuma breki) imechoka, na puto la kiti cha dereva nalo limetoboka. Kompresa inasukuma, upepo unatoka. Geji inapanda hadi bar 7 na kubaki pale, gavana haifiki kikomo chake, na "pshhh" haisikiki kutoka Mikumi mpaka Ruaha Mbuyuni. Punje zilikwisha kushiba zamani. Kila hewa inayopita inakwenda na maji. Dereva atakwambia breki zinashika vizuri tu, na anasema kweli, leo zinashika.

Kuna lugha moja naichukia kwenye gereji zetu: "gari limezoea." Gari limelala na bar 10, limeamka na bar 2, unauliza, unaambiwa limezoea. Gari halizoei, linavuja. Maji ya sabuni na brashi vinatosha kuonyesha ni wapi. Na nyie mnaojaza matairi ya wenzenu kwa upepo wa gari, na kupuliza vumbi kwenye kabini kila mnaposimama, jueni kwamba hewa hiyo yote inapita kwenye punje. Ukimsaidia mwenzako tairi moja porini hakuna ubaya. Kugeuza lori kuwa mashine ya upepo ya kijiweni ni jambo jingine.

Oili nayo ina asili yake. Ringi zikichakaa inapita, hilo tunalijua. Tunalosahau ni njia ya kuvutia hewa. Ikizibwa na vumbi, kompresa inavuta kwa nguvu na kuinyonya oili kutoka chini ya pistoni, hata kama ringi bado zina maisha. Kabla ya kuhukumu kompresa, tazama inakovutia hewa. Kisha fungua bomba la kutokea na uingize kidole. Ukikuta masizi magumu yaliyojenga ukuta ndani, hewa inapita kwa shida, joto linaongezeka, oili inaungua zaidi na masizi yanaongezeka. Bomba hilo libadilishwe au lisafishwe kabla ya kufunga filta mpya.

Sasa twende Kitonga. Anayetoka Dar anaupanda mlima ule. Mwenye shaba kutoka Zambia au Kongo anaushuka akiwa amejaa. Mtungi wa lita 30 wenye lita 6 za maji ni mtungi wa lita 24. Geji haitakwambia, kwa sababu geji inapima mgandamizo na haijui hewa iliyomo ni kiasi gani. Inasoma bar 8 kwenye mtungi mkavu, na inasoma bar 8 hiyo hiyo kwenye mtungi wenye maji sehemu moja ya tano. Tofauti unaiona ukianza kukanyaga breki mara kwa mara kwenye kona: sindano inashuka kwa haraka ambayo hujaizoea, alamu inalia, na upepo ukizidi kupungua zile busta za springi, ambazo upepo ndio unaozizuia zisishike, zinashika zenyewe. Zikishika kwenye mteremko wenye kona na magari mbele yako, huna usemi tena.

Hiyo ni hatari ya wazi. Ya kujificha ni vali. Maji yanasafisha grisi iliyowekwa ndani ya vali, yanachanganyika na oili na kuwa uji wa kijivu, yanaleta kutu, na raba zinavimba. Vali ya tela inachelewa kufungua au kuachia. Tairi za upande mmoja zinashika kabla ya mwingine. Unafika Ilula ukisikia harufu ya kuungua, unashuka, unakuta gurudumu moja linatoa moshi. Unairekebisha breki ya gurudumu lile na kuendelea na safari, wakati ugonjwa uko kwenye vali mita kadhaa kutoka hapo. Gari lenye ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, ni hivyo hivyo, na vali zake ni ghali zaidi.

Halafu kuna baridi, na hapa nasema na wenyeji. Tuko juu ya mita 1,500. Usiku wa Juni na Julai nyuzi zinashuka chini ya 10, na ukielekea Makete na Kitulo unaamka nyasi zina barafu. Hewa iliyobanwa Dar mchana ikija kulala Makambako inapoa, na mvuke uliokuwa umejificha unajitenga usiku, gari likiwa limezimwa. Draya nzuri haiondoi mvuke mpaka sifuri; inaupunguza kiasi kwamba hata hewa ikipoa hivyo hakuna tone. Ndiyo maana gari lenye draya iliyochoka linaweza kuonekana zima kule pwani na kuonyesha maji huku. Malori yaliyotumika Ulaya yanakuja na hita ndogo ya umeme pale kwenye vali ya kutemea, isigande. Wengi mnaukata waya wake mkisema huku hakuna theluji. Kwa anayezunguka Dar na Morogoro sina ugomvi. Kwa anayekwenda Kitulo, rudisheni waya.

Niseme haraka kuhusu filta za mtaani. Wapo wanaozimwaga punje, kuziosha kwa petroli na kuzirudisha. Petroli haiwezi kuitoa oili yote, na sasa umeingiza mvuke wa petroli kwenye mfumo wa hewa ya moto. Wapo pia wanaozitoa kabisa na kurudisha kopo tupu ili likaguliwe kwa macho lionekane lipo. Kwa huyo sina cha kumfundisha. Kuhusu muda, watengenezaji wengi wanasema mwaka mmoja hadi miwili kulingana na kazi. Kwa anayepakia pwani yenye joto na kupanda milima, mimi nasema mwaka mmoja, tena baada ya kupima uvujaji na kuangalia kompresa.

Na kabla ya kufungua filta, toeni upepo wote: mitungi yote, pamoja na ule mdogo wa draya. Wekeni vizuizi kwenye matairi. Ndani ya filta kuna springi, na kopo likiachia likiwa na bar 8 linaweza kuua.

Kwa dereva kazi ni nyepesi. Chini ya kila mtungi kuna kipete cha kutolea maji. Kila wiki kivute, hewa ipige kwenye kitambaa cheupe. Kikibaki kikavu, endelea na safari. Kikilowa, uliza kwanza kama "pshhh" inasikika, na mara ngapi. Isiposikika kabisa, aidha kikomo hakifikiwi kwa sababu ya uvujaji, au gavana haipeleki ishara, au vali ya chini imekwama. Ikisikika kila baada ya sekunde chache, upepo unakimbia mahali. Ikianza na isikome, mpaka dakika inapita, shuku vali ya njia moja: hewa ya kwenye mitungi inarudi nyuma. Kitambaa kikiwa na vumbi jeupe, punje zinasagika. Kikiwa na weusi unaonata, nendeni kwenye kompresa kabla hamjanunua chochote.

Sasa tutoke nje. Gari lipo pale uani na halijawashwa tangu jana jioni. Tutaanza kwa kusoma geji kabla ya mtu yeyote kuliwasha, kisha tutavuta vipete vya mitungi. Maswali niulizeni huko huko, tukiwa chini ya gari.